Karatasi ya Chemchemi

Saa mbili asubuhi Bonifasia alikuwa ameshajaza viriba sabini vya kuoteshea miche, na udongo ulikuwa umemfika kwenye viwiko. Mwaka huu viriba vya dukani vilipanda bei mpaka kikundi chao cha wanawake kikaamua kuokota pakiti za maziwa zilizotupwa huko Mbinga mjini, kuziosha na kuzitoboa matundu kwa msumari. Miche ya kahawa haikulalamika. Iliota vizuri tu ndani ya pakiti zenye picha ya ng'ombe, na wanawake wakazidi kutaniana kwamba safari hii watavuna kahawa ya maziwa.

Walikuwa ishirini na wanne. Kitalu chao kilikuwa bondeni, chini ya chemchemi ambayo haijawahi kukauka hata mwezi wa Oktoba, na miche waliyouza ndiyo iliyonunua sare za watoto, sabuni na mbolea ya mahindi. Kazi waliifanya kwa ngokela, kama mama zao: leo shamba la huyu, kesho la yule, wote kwa pamoja, na desturi haikumruhusu mtu kuondoka kabla wa mwisho hajamaliza mstari wake. Aliye mwepesi alirudi kumsaidia mzito. Ndivyo mashimo ya ngolo, yanayozuia mvua isichukue udongo, yalivyolimwa kwenye miteremko ile miaka nenda miaka rudi.

Bwana Cuthbert, mtendaji wa kijiji, aliteremka na pikipiki yake akiwa na bahasha ya kaki, kidau cha wino na kalamu mbili, moja haiandiki. Aliwaamkia wakubwa, akaitikia shikamoo za wadogo, kisha akaeleza haraka haraka. Kuna mradi unataka kutengeneza chemchemi, ujenge ukuta na kuweka bomba. Kinachohitajika ni sahihi za wanakikundi wote kabla ya saa sita, kwa sababu gari la mradi litapita kuchukua karatasi. Kila atakayesaini atapata kilo mbili za sukari. Hapo watu walijisogeza karibu, maana sukari ilikuwa imefika bei ambayo hata wapenda chai walianza kuusifia uji wa chumvi.

"Tusomewe kwanza," wakasema, na macho yote yakamgeukia Bonifasia.

Kila Jumapili ya zamu yake alisoma somo la kwanza kanisani, kwa sauti iliyotulia, akipumzika kwenye nukta na kupandisha kidogo kwenye alama ya kuuliza. Padri aliwahi kumwambia kwamba anasoma kama mtangazaji wa redio. Kijiji kizima kilimwita Mama Somo, na yeye jina hilo alilipenda kuliko alivyokubali. Alichokijua peke yake ni kwamba maneno mengi aliyoyasoma yalimpita kama maji kwenye mfereji: yalikuwa yakienda kwa wengine, yeye hakubaki nayo. Tangu shule ya msingi alisifiwa kwa kutamka, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza jambo lingine.

Alinawa mikono, akaichukua karatasi, akasoma.

"Kikundi kinaridhia kwa hiari kuukasimu kwa Mradi uangalizi wa eneo tajwa, kwa kipindi kisichopungua miaka thelathini na mitatu. Mradi utakuwa mlezi wa chemchemi, nacho kikundi kitakuwa jicho la Mradi. Kikundi hakitadai fidia ya maendelezo yaliyopo."

Akaendelea hivyo kurasa mbili, bila kujikwaa hata kwenye neno moja. Alipomaliza wakampigia makofi. Otilia, aliyekuwa na mtoto mgongoni, alishafuta kidole gumba kwenye khanga tayari kwa wino.

Hilda, muuza maharage aliyeachia shule darasa la nne, hakupiga makofi. Aliuliza tu, kwa sauti ya kawaida, "Umesoma vizuri, Mama Somo. Sasa inasema nini?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Angeweza kusema kwamba mradi utawaletea maji, kama mtendaji alivyosema, na wote wangeridhika. Bonifasia aliwatazama wenzake wakimsubiri kwa imani ile ile ya kila Jumapili, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Kama angedanganya, wangesaini kwa sababu yake.

"Sijui," akasema. "Nimesoma, lakini sijui inasema nini. Na si leo tu. Hata kanisani, mara nyingi sijui."

Hilda akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa kwenye lundo la udongo. Alisema miaka yote hiyo alidhani ni yeye peke yake mwenye kichwa kizito, akiyasikia masomo yakisomwa kwa uzuri ule na asiambulie kitu. Kicheko kikaenea kitalu kizima, na Bonifasia, aliyekuwa akingoja jina lake lianguke, alijikuta anacheka na machozi yanamtoka. Alijisikia mwepesi kuliko alivyokuwa asubuhi.

"Basi tuilime kwa ngokela," akasema. "Mstari kwa mstari. Hatuvuki mstari mpaka wa mwisho wetu aweze kuusema kwa Kimatengo chetu."

Bwana Cuthbert aliangalia saa. Ilikuwa saa nne na nusu. Alisema muda ni mdogo, lakini walikuwa wameshakaa chini.

Neno kuridhia liliwaendea haraka. Otilia aliwakumbusha namna wazazi wanavyoulizwa siku ya kupokea mahari kama wako radhi. Kukasimu halikujulikana na yeyote. Walimwuliza mtendaji, akasema ni lugha ya kiofisi tu. Basi wakaliacha kama kisiki kilicho katikati ya shamba, wakalima pembeni yake. Kabla yake kuna sisi tunaokubali. Karibu yake kuna Mradi, na mbele kuna miaka thelathini na mitatu. Hilda alisema maana yake kamili haijui, lakini kitu hicho kinatoka mkononi mwao kwenda mkononi mwa wengine, na hakina haraka ya kurudi.

Mlezi na jicho yalikuwa maneno waliyoyapenda waliposomewa mara ya kwanza. Yalikuwa na joto, kama ya padri siku ya ubatizo. Bonifasia akawaambia haya ni maneno ya kupambia, tusiyaangalie uzuri, tuyaulize yanafanya kazi gani.

"Mlezi mimi namwachia mtoto asubuhi, jioni namchukua," Otilia akasema. "Huyu anakaa na mtoto miaka thelathini na mitatu. Si mlezi huyo."

"Na jicho linaona chakula tu," Hilda akadakia. "Anayekula ni mdomo. Mdomo hapa ni nani?"

Fidia halikumsumbua mtu. Walilijua tangu barabara ilipopanuliwa na watu wakahesabiwa nyumba zao. Maendelezo ndilo lililowachelewesha, mpaka Bonifasia akalirudisha kwenye kuendeleza, akauliza, sisi hapa tumeendeleza nini. Wakainua macho kukitazama kitalu. Banda la majani ya migomba. Mfereji walioufukua kwa majembe wiki mbili. Miche elfu tisa, mingine ndani ya pakiti za ng'ombe.

Walipofika mstari wa tisa, Hilda alimpa mtendaji karatasi. Alimwambia kwamba kwao hapa anayesimama shambani naye hupewa mstari wake. Cuthbert alitabasamu, akaanza kusoma midomo ikichezacheza. Katikati akaacha kutabasamu. Akarudia kutoka juu. Kisha akakaa kwenye kiti cha pikipiki.

"Mama zangu," akasema, "hapa wanasema anayechota maji bila kibali cha maandishi atatozwa faini. Hata kwa ndoo. Sasa mimi mke wangu anachota hapahapa."

Walimwuliza kama aliisoma kabla ya kuwaletea. Alijibu kwamba alipewa ofisini jana jioni, akaambiwa ahesabu sahihi, si kusoma. Alisema hivyo bila kujitetea, na kwa hilo wakamhurumia, wakamkatia muhogo uliochemshwa. Alikula nusu, akapanda mlimani kutafuta mtandao apige simu.

Alirudi jua likiwa utosini.

"Gari halitapita huku," akasema. "Na sukari imeondoka nalo. Mkubwa wangu wa ofisini ananiuliza kwa nini ninyi tu hamjasaini. Anasema kijiji cha jirani wamemaliza kwa nusu saa, tena walipiga makofi."

Bonifasia alimwona akilini mwanamke wa kijiji hicho aliyewasomea wenzake, amenawa mikono, amesimama mbele ya wenzake anasoma kwa sauti nzuri, na moyo ukamuuma kama ni ndugu yake. Akaomba daftari la mahudhurio, akachana ukurasa, akaandika huku wenzake wakimtazama begani: Tumesoma mpaka mstari wa tisa. Hatusaini. Njooni wenyewe mtueleze iliyobaki, na mpite kijiji cha jirani muwaeleze na wao.

Wino ukazunguka. Waliojua kuandika waliandika majina, wasiojua waliweka vidole gumba, ishirini na wanne kwa hesabu ya Hilda. Cuthbert aliusoma ukurasa ule, akasitasita, akavua kofia ya pikipiki. Alisema yeye hana budi kuufikisha ofisini, na maneno makavu namna hiyo yanaweza kumletea shida. Akauliza kwa heshima kama Mama Somo ataruhusu ayaweke kiofisi kidogo.

"Hapana, baba," Bonifasia akamwambia. "Yaache hivyohivyo. Sisi tunataka waelewe."