Kidonge Ndani ya Buti

Tu. Tu. Kimya kidogo. Tu.

Mchi ulikuwa ukitwanga nyuma ya pazia, na kila ulipogonga kinu, Mwewe alihisi kifua chake kikijibu. Hilo Mwewe ni jina alilopewa kazini, nalo lilimkaa kuliko lile la wazazi wake, maana mwaka wa kumi na moja huu alikuwa akiishi hewani. Ndiye aliyeendesha kreni ndefu ya mnara, iliyosimama katikati ya jengo jipya kama kidole kinachoonya. Leo alikuwa chini, kwenye benchi la mbao, mfuko wa plastiki mapajani, akimeza mate machungu yaliyompanda kooni kila baada ya dakika mbili.

Kando yake alikaa Mdomo, mpiga ishara wake. Huyu kazi yake ilikuwa kusimama chini na redio ya mkononi, kumwambia Mwewe yale ambayo macho ya Mwewe hayakuyafikia. Walimwita Mdomo kwa sababu alisema sana, na kwa sababu bila yeye kreni ilikuwa kipofu.

"Tulia, kaka," Mdomo alisema. "Shangazi yangu hang'ati mgeni. Anang'ata ndugu tu."

"Nimesikia," sauti ya shangazi ilitoka nyuma ya pazia. Mchi ukanyamaza, pazia likafunguka. "Ingieni wote wawili, yule mwenye kiungulia na yule mwenye ulimi."

Shangazi alikuwa mwanamke mfupi, mikono yake imeingia rangi ya manjano hadi kwenye kucha. Alisomea Ayurveda, ile tiba ya asili ya Wahindi, miaka saba, na cheti chake kilining'inia ukutani kwa msumari mmoja, kimelala upande. Alimtazama Mwewe ulimi, akamshika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, akafumba macho kama anayesikiliza jirani ukutani.

"Unakula saa ngapi, mwanangu?"

"Asubuhi chai ya rangi, nakunywa nikiwa nimesimama. Mchana sishuki. Ngazi ni robo saa kushuka, robo saa kupanda. Jioni ndiyo nakula."

"Anakula?" Mdomo alidakia. "Shangazi, huyu jioni anafukia. Sahani ina mlima, mlima una pilipili, halafu anaanguka kitandani na viatu."

"Na moto unapanda ukishalala."

"Mpaka masikioni," Mwewe alikiri. "Mwaka wa pili huu nalala nimekaa."

Shangazi alitikisa kichwa. "Hospitali watakwambia mlango wa juu wa tumbo umelegea, asidi inapanda kooni. Wamesema kweli. Sisi joto lile linalosaga chakula tunaliita pitta. Si adui yako. Ila wewe unaliwasha mchana kutwa bila kuliwekea chungu, kisha usiku unalitupia gunia zima na kulilaza chali. Liende wapi kama si juu?"

Hapo akagonga meza. "Sasa mwaga mfuko."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, na Mdomo alikuwa ameshaieleza njiani: hakuna mgonjwa aliyepewa hata punje ya dawa kabla ya kumwaga mezani kila anachomeza. Vya dukani, vya hospitali, vya mganga, vya jirani. Mwewe akamwaga. Vidonge vyeupe vya kutuliza tumbo, vile vya kutafuna kama chaki. Vya maumivu ya mgongo. Pipi za mnanaa.

"Ni hivi tu?"

Mwewe alimwona Mdomo kwa pembe ya jicho, ameketi ameegemea mlango, masikio wazi.

"Ni hivi tu, shangazi."

Lakini havikuwa hivyo tu. Katika kabati lake kazini, ndani ya buti la mguu wa kushoto, chini ya soksi, kulikuwa na pakiti ya vidonge vya presha. Alivimeza kila alfajiri akijifanya anafunga kamba, kisha akaichomeka pakiti ndani ya soksi. Hakuna aliyejua isipokuwa mkewe na daktari wa mtaa wa mbali. Mwaka uliopita mwendesha kreni ya pili alipimwa, namba ikatoka kubwa, na kabla ya saa sita mchana alikuwa ameshushwa. Mpaka leo alikuwa akifagia getini, na watu walimsalimia kwa sauti ile ya kuwasalimia wafiwa. Upimaji wa mwaka huu ulibaki wiki tatu. Na Mdomo, Mungu amhifadhi, hakuwahi kuweka neno mdomoni likalala.

Shangazi akamfunga kipimo cha presha mkononi. Namba ikatoka nzuri, maana kidonge cha alfajiri kilikuwa bado kinafanya kazi yake.

"Kwa mtu asiyetumia dawa ya presha, hii ni safi," alisema, na akasubiri kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Mwewe akatazama cheti kilicholala upande.

Basi akapimiwa unga: giligilani, shamari, na mzizi mtamu uliosagwa ukawa kama vumbi la mbao. Kijiko kimoja cha chai kwa siku, kisizidi. Chakula kikubwa mchana, hata kama ni kupanda nacho. Cha jioni kidogo, kabla giza halijaingia, na asilale mpaka saa tatu zipite baada ya kula. Miguu ya kitanda upande wa kichwa ipandishwe juu ya matofali. Alale ubavu wa kushoto. Chai ya rangi isiingie tumbo tupu.

"Na maumivu yakishuka mkononi, au ukitokwa jasho baridi, usinitafute mimi. Nenda hospitali mbio. Sawa?"

"Sawa."

Mkewe alicheka alipoyaona matofali. "Tumeanza kujenga ghorofa chumbani? Mimi nikiteleza nitakukuta huko chini miguuni." Lakini alimpikia chakula cha mchana, akakifunga, akaacha pilipili. Siku ya tisa Mwewe alilala usiku mzima bila kuamka kutema. Siku ya kumi na mbili alipiga mluzi akipanda ngazi. Unga ule ulimpendeza mno, akajifanya yeye ndiye tabibu: kijiko kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vitatu.

Siku ya kumi na sita buti la kushoto lilimbana. Akalaumu soksi. Siku ya kumi na nane kichwa kiligonga tangu alfajiri, tu, tu, kama kinu cha shangazi. Akalaumu jua. Mkewe alimwambia, "Baba, uso umekuvimba. Umemwambia yule mama kuhusu vidonge?" Akajibu, "Nitamwambia baada ya kupimwa."

Siku ya kumi na tisa, saa nne asubuhi, alikuwa kibandani mwake hewani na furushi la nondo kwenye ndoano. Tani mbili. Chini yake, kwenye ghorofa ya sita, mafundi saba walikuwa wakifunga chuma, kofia zao za njano kama punje za mahindi.

"Zungusha kulia," Mdomo alisema redioni. "Taratibu, kaka. Ndugu zangu, pisheni, mzigo unakuja. Kulia tena."

Mwewe alivuta wenzo. Nondo zikaelea. Kisha ukungu ukamjia kutoka pembeni mwa macho, kama mtu anayevuta pazia pande mbili. Akapepesa. Zile kofia za njano zikawa kumi na nne, kisha zikawa doa moja. Masikio yakaanza kuvuma.

Itapita, alijiambia. Shusha tu huu mmoja.

Mkono ulikuwa bado kwenye wenzo. Redio ile ilisikika na kila mtu: msimamizi ofisini, mwenzake mpya wa kreni ya pili, mpaka yule wa getini na ufagio wake. Neno moja likitoka humu, lilikuwa limetoka. Aliwaza upimaji uliobaki siku mbili. Aliwaza ile salamu ya wafiwa.

"Kaka, mbona umesimama? Shusha mita tatu."

Kama angeshusha, angeshusha juu ya doa la njano asilojua idadi yake. Akabonyeza redio.

"Sioni," alisema.

"Huoni nini?"

"Sioni kitu. Macho yamefunga. Nina presha, nameza dawa, nilikuficha. Waondoe watu."

Mdomo akarudi redioni, na sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe.

"Wote ghorofa ya sita, ingieni ndani. Wote. Acheni koleo. Kaka, toa mkono kwenye wenzo. Umetoa?"

"Nimetoa."

"Breki?"

"Imeshika."

"Pumua. Watu wametoka, nimewahesabu, saba. Nondo zinayumba, tunazisubiri zitulie. Kaka, siku zote huoni huku, mimi ndiye ninayeona. Leo ni kama jana. Sasa shusha kidogo. Kidogo. Tatu. Mbili. Ngoja, upepo. Haya. Moja. Nusu. Umegusa chini. Usiguse kitu tena, nakuja."

Alipanda zile ngazi yeye mwenyewe, yeye aliyekuwa akiogopa hata meza ya kubadilishia taa. Akamshusha Mwewe hatua kwa hatua, akimwekea mguu kila kipago, bila kusema neno lisilo la kazi. Hilo ndilo lililomuuma Mwewe kuliko kichwa.

Hospitali namba ilitoka mia mbili na tano kwa mia moja na kumi na tano. Wakamlaza siku mbili. Msimamizi alikuja, akasimama miguuni pa kitanda. "Yule wa getini alificha mpaka akakamatwa na kipimo," alisema. "Wewe umesema mwenyewe na mzigo ukiwa hewani. Miezi miwili uko chini. Daktari akiandika kwamba imetulia, tutazungumza." Hakutabasamu, wala hakusema ndiyo.

Alipotoka hospitali, Mdomo alimpeleka tena kwa shangazi. Hakuna aliyemwita. Mwewe mwenyewe ndiye aliyeomba.

Shangazi hakumkaribisha kiti. "Mzizi mtamu unapoza tumbo, na ukizidi unapandisha presha. Mwenye presha simpi kabisa. Nina mizizi mingine na magome mengine, kabati zima hili. Ungesema neno moja ningechukua kopo la kando yake. Mimi siko ndani ya mwili wako, mwanangu. Nashusha kwa sauti yako tu. Na ukanipa sauti ya uongo."

"Ni kweli, shangazi."

"Vijiko vingapi?"

"Vitatu."

Shangazi akafumba macho. Mdomo, kule mlangoni, akatoa pumzi puani. "Mtu alipewa kijiko, akaona ni koleo."

Ulikuwa mzaha wake wa kwanza tangu siku ile, na Mwewe nusura alie kwa kuusikia. Akainama, akavua buti la kushoto, akatoa ile pakiti, akaiweka mezani pamoja na karatasi ya hospitali na vidonge vipya. Shangazi akavaa miwani, akasoma kila jina taratibu, akauliza, akaandika. Mzizi mtamu akaurudisha kabatini. Matofali yabaki, akasema, na chakula cha mchana kibaki. Unga mwingine hapewi mpaka daktari wake aione ile orodha.

"Kwa nini ulinificha mimi?" Mdomo aliuliza kwa sauti ndogo, akitazama sakafu. "Tani mbili unaniamini. Kidonge huniamini."

Mwewe alikaa na buti mkononi, mguu wazi, uvimbe umeanza kushuka.

"Niliogopa utasema."

"Ningesema, ndiyo. Ningekwambia wewe. Kila asubuhi, mpaka ukome."

Mwewe akavaa buti, akafunga kamba, akainua uso.

"Sikiliza, mdogo wangu, na shangazi awe shahidi. Siku nitakayopanda tena, kabla sijagusa wenzo, nitabonyeza redio nikutajie nilichomeza asubuhi hiyo, na namba ya presha yangu. Yote, hata kama msimamizi anasikia. Na ukiniambia shuka, nitashuka."