Ampli Iliyovalishwa Nguo

Mpiga besi alikwishavuka geti, ampli begani kama mtoto mgonjwa, mkewe akimfuata na ndala moja mguuni.

"Baba Pacha, ikizimika tena leo?"

"Haizimiki."

"Wiki iliyopita ulisema hivyohivyo."

Hakugeuka. Ampli yenyewe, mashine ya kukuza sauti ya gitaa lake, ilikuwa ndogo. Kila Jumamosi mchana bendi yao ilipiga kwenye ukumbi wa hoteli, na kila Jumamosi, ukifika wimbo wa tatu au wa nne, besi inakatika. Baada ya dakika kadhaa inarudi yenyewe, kama haijafanya kitu. Msimamizi wa ukumbi alishasema: ikikatika mara nyingine, bendi nzima itafute pengine.

Alipitia kwanza kwa fundi wa redio, mzee mwenye kibanda kando ya soko, aliyeitwa Mjomba Lehemu. Mjomba alifungua kamba za kitambaa chekundu kilichoifunika ampli, akakikunja, akakiweka juu ya kigoda, kama alivyofanya kila mara. Akafungua skrubu. Akatikisa nyaya za spika, akasafisha tundu la jeki, panapochomekwa waya wa gitaa, kwa spiriti, akapitisha lehemu hata pale pasipokuwa na ufa.

"Haya, piga."

Mpiga besi akapiga saa nzima, amekalia kreti la soda. Muuza nyanya wa jirani akawa anapima nyanya kwa mapigo. Ampli haikukohoa.

"Unaona? Nzima hii."

"Hapa kwako ni nzima kila siku, Mjomba. Nikifika kazini inakufa. Mara ya nne sasa."

"Umeme wa kule?"

"Nimehama soketi, nimebadilisha waya. Kimebaki kitu kimoja."

"Kipi?"

"Wewe. Unalegeza kitu humo ndani ili nirudi."

Mjomba Lehemu akaacha kukaza skrubu. Akafuta mikono kwa kipande cha fulana, kidole kimoja kimoja.

"Miaka yote hii, Baba Pacha?"

"Basi niambie ni nini."

"Sijui. Nikijua nitakwambia."

Akamalizia skrubu, akaivalisha ampli kitambaa chake, akafunga kamba vizuri. Hela hakuitaka. "Nenda, utachelewa."

Vitambaa kama hicho viligawiwa na msimamizi, kwa kusaini, vifanane na mapazia. Kila chombo kivalishwe. Cha ampli kilikatwa dirisha mbele tu, sauti ipite.

Ukumbini, wimbo wa tatu, besi ikakatika.

Mwimbaji, ambaye ni shemeji yake, alimkata jicho. "Tumekwisha, shemeji," alisema pembeni ya maikrofoni.

Mpiga besi akapiga magoti kukagua waya wa nyuma. Mkono ukagusa kitambaa. Moto kama pasi. Akafungua kamba, na joto likampiga usoni: matundu ya hewa yalikuwa hukohuko nyuma, yamezibwa yote, feni ikizunguka bure. Akakumbuka kigoda cha Mjomba na kitambaa kilichokunjwa juu yake. Mara nne. Alibaki amepiga magoti muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Ivalishe," alisema msimamizi, amesimama nyuma yake.

"Bosi, hiki ndicho kinaizima. Inakosa hewa."

"Waraka unasema vyombo vyote."

"Basi nikitoboe hapa nyuma."

"Utoboe mali ya hoteli?"

Mpiga besi akakitupa kitambaa kitini. Ampli ilipopoa ikarudi, na haikukatika hadi mwisho. Wageni wa sherehe ya siku hiyo walicheza mpaka keki ikasahaulika. Yeye alipiga akitazama sakafu.

Jumatatu ikaja barua. Bendi imeachishwa kazi kwa kukiuka utaratibu wa mwonekano wa ukumbi. Kukatika kwa besi hakukutajwa.

Alikuwa amepanga kwenda kwa Mjomba Jumapili, akaona aibu. Akaenda Jumanne. Vibanda vyote upande ule vilikuwa vimevunjwa jana yake na watu wa manispaa. Muuza nyanya alikuwa amepanga nyanya zake chini.

"Alikuulizia," akamwambia. "Jumapili nzima anawaza hiyo ampli yako. Akasema ukija nikwambie, jaribu kuipiga bila nguo."

Mwimbaji sasa anauza bima. Mpiga ngoma alivuka mpaka, hajaandika. Msimamizi alipandishwa cheo, ana kumbi mbili. Mama Pacha anashona sare za shule. Kitambaa kilirudishwa kwa kusaini, kimefuliwa na kupigwa pasi. Mjomba Lehemu, wengine wanasema anatengeneza simu mji mwingine. Mpiga besi amemuulizia kwenye miji miwili. Ampli ipo juu ya kabati, haina nguo. Haijakatika tena.