Swali la Mwisho la Bi Odessa

...na huyo mtoto wa kubuni anayeuma wenzake keshauma kituo kizima, maskini, maana mlezi LaVerne alimwandika, na dada wa jikoni alimwandika, na yule binti mpya wa chumba cha wachanga naye kamwandika, wote wakijibu swali hilihili la mwisho la kozi ya mwisho, na wote wakapita, na sasa huyu hapa tena kwenye kompyuta mbele ya Bi Odessa Tillery, mistari minne iliyonyooka, mtoto aliuma, mlezi akamwonyesha picha za nyuso, uso wa hasira, uso wa huzuni, mtoto akaacha kuuma, basi, amina... na chini yake kitufe cha buluu kimeandikwa Tuma, na saa ya ukutani inasema kumi na moja kasoro dakika kumi, na ikigonga kumi na moja Bi Renata mkufunzi anafunga ofisi, na asiyemaliza kozi zote kumi na tano leo, Jumatatu hana chumba cha watoto, anapelekwa kufua na kukunja mashuka... Bi Odessa akunje mashuka! Miaka ishirini na miwili katika kituo hiki cha watoto wa askari, hajapoteza hesabu hata siku moja, kumi na wanne wakitoka uani, kumi na wanne wakirudi, uso na jina, uso na jina, mpaka Roscoe mumewe humcheka kwamba hata kanisani anahesabu vichwa vya kwaya, na kweli anavihesabu, kwani kuna ubaya gani... “Ndiyo, nepi namba nne,” Bi Renata anasema kwenye simu huko nyuma, “hapana, nne, tatu tunazo tele,” mtoto wa juzi huyu, miaka ishirini na tisa, raba nyeupe miguuni, lakini anajua kazi, hilo lazima umpe, akiingia chumbani kukuangalia unavyofanya kazi hakai kitini kama mgeni, anachuchumaa chini na watoto, halafu anaandika, na anachoandika kinaingia kwenye faili, na faili haisahau... kozi kumi na nne, Odessa, kumi na nne umezimaliza kwa vidole viwili, cha kulia kikitafuta herufi na cha kushoto kikisubiri zamu yake, usalama, afya, chakula, jinsi ya kumlaza mchanga chali bila mto wala blanketi, kana kwamba hukuwalaza mia tatu, na kila somo kiganja chako kikifunika skrini mtu asione unavyokosea, “Unaficha nini, Bi Odessa?” Renata alimuuliza siku ya kwanza, naye akamjibu, “Naficha ujinga wangu, mwanangu, ukiuona utakuambukiza,” wakacheka wote wawili, lakini kiganja hakikuondoka, hadi leo kipo palepale, kinafunika mtoto anayeuma.

Kumi na nne, na hakuiba jibu hata moja, hilo aseme mbele ya mtu yeyote, LaVerne alimletea karatasi ya majibu imekunjwa kama barua ya mapenzi naye akamrudishia, “Ondoa uchafu wako hapa,” LaVerne akanuna siku mbili, na mama yake Odessa, Mungu amweke pema, mama aliyepiga pasi magwanda ya maofisa wa kambi hii hii akiingilia mlango wa nyuma na kutokea mlango wa nyuma, angemwona leo, mwanawe aliyeacha shule akiwa na miaka kumi na sita akaenda kuchambua karanga kiwandani, jina lake linakaribia kutundikwa, cheti ndani ya fremu, pale ukumbini, mlango wa mbele, kila kanali anayemleta mtoto asubuhi alisome, Odessa M. Tillery, na hiyo M isiachwe, ni jina la mama... basi bonyeza, si ubonyeze tu, kumi na nne hukuiba na ya kumi na tano umeiba, kwa nini, kwa sababu ya swali, swali lenyewe ndilo lenye kisirani, lisome tena, Eleza siku uliyomkosea mtoto ambaye mzazi wake ametumwa ng'ambo, na ulichobadilisha baadaye... na kabla ya swali somo lenyewe, kwa sauti ya yule mama wa kwenye video mwenye hereni za lulu, usimwambie mtoto tarehe ya mzazi kurudi, kwa kuwa safari za jeshi hubadilika, ee, ahsante sana, mama wa hereni, ungekuja kuniambia miaka kumi na mmoja iliyopita... na angemwambia nani, Odessa, wewe hukujua? wewe mke wa askari, wewe uliyemsubiri Roscoe mara tatu, uliyeoka keki ukaitupa ukaoka nyingine kwa sababu ndege imeahirishwa, kambi nzima hakuna asiyejua kwamba tarehe haitamkwi, ulijua, ulijua vizuri kabisa.

Jolene. Miaka mitatu na miezi miwili, viatu vya mvua vya njano hata jua likiwaka, hakula siku nne, hata viazi vya kuponda ambavyo mtoto yeyote anakula, anasukuma sahani, babangu, babangu, na barua ya kikosi imebandikwa ukumbini, Ijumaa, wanarudi Ijumaa, na Odessa amechoka, aseme kweli, alichoka tu, alitaka mtoto ale, akamwinamia akamwambia, “Kula, kipenzi, Ijumaa baba yako atakuwa hapa,” na Jolene akala, akala sahani nzima akaomba nyingine, na Odessa alijiona bingwa, aliporudi nyumbani alimsimulia Roscoe, Roscoe akaweka uma chini, akamtazama, “Odessa, umesema siku?” akaendelea na samaki wake... na Ijumaa ikaja, ndege haikuja, na Jolene alikaa kwenye mlango wa nusu, ule wa chini umefungwa wa juu wazi, kidevu chake hakifiki, kwa hiyo akasimama juu ya tofali la mbao la kuchezea, viatu vya njano juu ya tofali, asubuhi mpaka jioni, hakulala mchana, Jumatatu vilevile, Jumanne vilevile, wiki tatu, na baba alipokuja hatimaye, mzima, mrefu, ananuka safari, mtoto alijificha nyuma ya sketi ya Odessa, akauliza, “Huyu ni yeye kweli?” na kabla Odessa hajajibu, “Hapana, usiniambie wewe, wewe ulisema Ijumaa,” akamwacha, akaenda kumuuliza LaVerne. LaVerne! Aliyekuwa na mwezi mmoja kazini! Na hapo ndipo kisu kilipoingia, na kipo mpaka leo, hakuna aliyejua, Roscoe tu, na Roscoe anakula samaki na kunyamaza... “Bi Odessa!” sauti ya LaVerne kutoka chumba cha ng'ambo ya ukumbi, juu ya mlango wa nusu, “hujatuma tu mpaka saa hizi? Tuma bwana, mtoto kauma, mtoto kaacha, twende zetu!” na Odessa anajibu bila kugeuka, “Angalia watoto wako, LaVerne,” na LaVerne, “Wote saba hapa, uso na jina, kama ulivyonifunza, bosi,” anacheka, mjinga yule, anampenda kweli... tuma, si utume, nani atajua, mstari mmoja wa uongo katika miaka ishirini na miwili, ukiandika kweli itakaa kwenye faili, Odessa Tillery alimdanganya mtoto wa askari, na Renata atasoma, na zile raba nyeupe zitaingia chumbani Jumatatu kukuangalia kwa jicho lingine, na fremu, je, fremu watatundika...

“Mama yangu anakuja lini?” hiyo si LaVerne, hiyo ni sauti ndogo, ni Dovie, aliyeletwa mwezi huu, mama yake sajenti wa kikosi cha tiba kaondoka kwenda ng'ambo Jumapili, Odessa mwenyewe alilishona shati la mama huyo likawa kimto cha kushika mchana, na LaVerne yule mropokaji, Mungu wangu, LaVerne atasema nini, shikilia ulimi, LaVerne, sema usilolijua hulijui, Odessa ameshanyanyuka nusu kitini... na LaVerne anasema, taratibu, kwa sauti ambayo Odessa hakujua kwamba anayo, “Sijui lini, mwanangu. Sisemi siku. Ila siku akija utakuwa hapahapa, na mimi mwenyewe ndiye nitakayekuita,” na Dovie, “Kwa jina langu?” na LaVerne, “Kwa jina lako lote, Dovie Rae Hatcher, mpaka wasikie getini.” Odessa anakaa tena. Hayo ni maneno yake. Neno kwa neno, hadi hapo pa jina lote, aliyatunga yeye, akayatengeneza wiki ile ya viatu vya njano akipika, akifua, akiyajaribu mdomoni mpaka yakawa hayana uongo ndani hata punje, na tangu hapo hakusema mengine, miaka kumi na mmoja, na hakumfundisha LaVerne, hakumfundisha mtu, wamesikia tu, sasa anakumbuka, wale wa chumba cha wachanga nao husema, na yule wa jikoni akipitisha maziwa, mimi mwenyewe nitakuita, kituo kizima kinasema na hakuna anayejua yametoka wapi, yametoka kwa Jolene, yametoka kwenye kosa... hii ndiyo kazi yangu, anajiambia, na kifua kinamjaa mpaka kifungo cha juu cha blauzi kinalalamika, hii, si mtoto anayeuma, mtoto anayeuma ni wa nani, hana hata jina, na mimi nina mtoto mwenye jina na viatu, nimuuze kwa fremu?

Kidole cha kulia kinatafuta kitufe cha kufuta, kinakipata, na mstari wa kwanza unaondoka, wa pili, wa tatu, uso wa hasira, uso wa huzuni, kwaheri, skrini nyeupe kabisa, na saa inasema kasoro dakika mbili, wewe kichaa, Odessa, dakika mbili na vidole viwili, N iko wapi, hii hapa, na hajawahi kuandika haraka hivi, Nilimwambia mtoto wa miaka mitatu kwamba baba yake atarudi Ijumaa, nukta, na nilijua siku haitamkwi, nukta, na... na tarumbeta hiyo. Ya kushusha bendera. Inaingia dirishani kutoka uwanjani kama kila siku ya Mungu saa kumi na moja, na huko nje magari yanasimama barabarani, na watoto wakubwa uani wanaganda na mipira yao, na Odessa hajawahi kuisikia akiwa amekaa tangu Roscoe alipovaa gwanda, miguu inasimama yenyewe, mkono wa kulia unakwenda kifuani wenyewe, na wa kushoto... wa kushoto umezoea kufunika, uko palepale kwenye skrini, umetanda, nyuma yake Renata ameshaweka simu chini naye amesimama, raba zinasikika, yuko karibu, anaelekea dirishani, na dirisha liko juu ya kompyuta. Odessa anautazama mkono wake wa kushoto kama wa mtu mwingine. Anaushusha ubavuni. Mistari miwili iko wazi, na kitufe cha buluu bado, na tarumbeta inapanda ile sehemu yake ya juu, na kwa pembe ya jicho anaona uso wa Renata umeacha kutazama bendera, midomo inasogea polepole, inasoma, na inafika mwisho, na inaanza tena juu.

“Kuna kingine, Bi Odessa?” Renata ananong'ona, kabla tarumbeta haijaisha, jambo ambalo halifanywi.

“Kipo kirefu,” Bi Odessa anasema, mkono kifuani. “Usifunge ofisi.”