Mguu Mmoja wa Breki

Mtoto wa mwisho alikuwa bado anavutana na begi lake mlangoni pale dereva alipokanyaga breki tena, basi dogo la shule likiwa limesimama, kuona kama mguu wake ulikuwa umemdanganya. Pedeli ilianza ngumu kama kawaida, kisha ikazama polepole chini ya kiatu kama mtu anayekanyaga tope. Alipoipigapiga ilipanda. Alipoikandamiza na kungoja, ikazama tena.

"Shuka mama, taratibu," alimwambia mtoto, akangoja mpaka aingie darasani ndipo akafungua boneti.

Mafuta ya breki kwenye kikopo chake yalikuwa yameshuka chini ya mstari. Alikuwa amekijaza juzijuzi tu. Alitandika kipande cha boksi, akaingia uvunguni. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa limelowa upande wa ndani. Akapitisha kidole, akakisugua na kidole gumba: utelezi mwepesi, usio mweusi kama oili ya injini. Mzunguko wa basi ulikishuka kilima cha tangi la maji asubuhi na jioni, na asubuhi hiyohiyo alikuwa amekishuka na watoto wamejaa hadi kwenye kiti cha mbele.

Hakurudi barabara kuu. Aliburura gari kwa gia namba moja, kwa njia za nyuma, hadi gereji ya shemeji yake, kaka wa mkewe, kibanda cha mabati kando ya karakana ya vitanda.

"Leo umekuja mwendo wa harusi," fundi alimchokoza.

"Breki inazama, shemeji. Nyuma kushoto pamelowa."

Fundi aliacha utani. Aliweka magogo kwenye matairi ya mbele, akapiga jeki, akafungua tairi, kisha akagongagonga dramu kwa nyundo mpaka ikaachia. Vumbi la breki lililotakiwa kupeperuka lilikuwa limegeuka uji mweusi. Aliinua ukingo wa kifuniko cha mpira cha silinda ya breki kwa bisibisi na mafuta yakachuruzika hadi kwenye kiganja chake.

"Umeona? Silinda hii imekufa. Mpira umelika, na ndani kuna kutu. Hata nikitia mpira mpya, kutu itautafuna." Akagusa viatu vya breki vilivyokuwa vimelowa chepechepe. "Na hivi navyo havifai tena. Vikishanywa mafuta havishiki. Tukibadilisha vyote na kutoa upepo kwenye mabomba ya mafuta, mchana wote unaisha."

Dereva akampigia mwenye shule. Fundi alimwambia afungulie sauti, wasikie wote.

"Viatu?" mwenye shule alisema. "Dereva, gari langu linavaa viatu?"

"Vya breki, Madamu. Pamoja na silinda."

"Mwezi uliopita ilikuwa tairi. Mpe fundi simu." Fundi akainama karibu. "Fundi, ule mguu mmoja si unaweza kuzibwa, tairi hilo lisipate mafuta? Basi langu lile la zamani lilizibwa na likatembea mwaka mzima."

Fundi alikwepa macho ya shemeji yake. "Kuzibwa unazibika, Madamu."

"Basi ziba. Inabaki mitatu. Hata kigoda cha miguu mitatu kinakaa."

"Kigoda kinakaa, Madamu," dereva alisema. "Gari linakwenda. Na linakwenda na watoto."

"Dereva, kama gari limekushinda, acha ufunguo hapo kwa fundi. Madereva wapo."

Ikakatika. Kule karakanani msumeno ulikuwa ukilia. Fundi alijifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Usizibe, shemeji," dereva alisema.

"Nikikataa mimi, atampelekea wa ng'ambo ya barabara. Yule hatapangusa hata mafuta kwenye dramu. Mimi angalau nitaziba vizuri."

"Utaziba vizuri."

"Sasa unataka niseme nini? Gari zake zote zinatengenezwa kwangu. Wewe nenda kamwambie dada yangu kuwa umeacha kazi kwa sababu ya silinda."

Dereva alitoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya dramu na kukaa kwenye tairi la akiba. Alimtazama fundi akilikunja bomba jembamba lililopeleka mafuta kwenye tairi lile, akilibana kwa koleo na kuligonga mpaka likawa bapa kama ulimi. Kisha fundi akajaza mafuta, akapanda na kukanyaga. Pedeli haikuzama.

Dereva mpya alifika kabla ya watoto kutoka. Alikuwa jirani yake, mtu mzima aliyekaa bila kazi tangu kampuni ya malori ilipofungwa. Alipoona ni nani aliyekalia tairi alisita, akavua kofia.

"Sikujua ni gari lako, ndugu yangu."

"Si langu."

"Nikilikataa..."

"Najua." Dereva akasimama, akajipangusa suruali. Alitaka kumwambia aliache, lakini maneno yaliyotoka yalikuwa mengine. "Nyuma kushoto hamna kitu. Pale kwenye tangi la maji shuka na namba moja tangu juu kabisa, usisubiri mteremko. Ukikanyaga kwa nguvu litataka kwenda kulia. Usukani ushike mikono miwili."

"Namba moja tangu juu," jirani alirudia. "Mikono miwili."

Dereva hakwenda nyumbani. Alitembea hadi chini ya kile kilima cha tangi, penye kona, ambapo mama mmoja aliuza mkaa, magunia yake yamepangwa kando kabisa ya lami.

"Dada, tusogeze haya nyuma ya mtaro."

"Kwani wewe ni wa manispaa?"

"Hapana. Kuna gari linashuka, breki zake si nzima."

Mama alimkagua toka juu hadi chini, akaguna, lakini akashika gunia. Waliyahamisha moja baada ya jingine, jasho likiwatoka. Punde injini ikasikika ikinguruma huko juu. Basi dogo likashuka polepole, likalalia kona, likanyooka. Watoto walikuwa wakiimba. Jirani hakugeuka, alikuwa ameung'ang'ania usukani, shingo imekakamaa.

"Si limepita?" mama akasema, akaliinamia gunia la kwanza kulirudisha kando ya lami.

"Limepita. Kesho asubuhi linapita tena."

"Na kesho kutwa?"

"Na kesho kutwa."

Mama alikitazama kilima, akaitazama lami alikozoeleka na wateja wake. Kisha akaliachia gunia likakaa palepale, nyuma ya mtaro.