Siku Tatu Juani

Dereva wa gari la dawa walimwita Mwendopole, na jina lilimkaa: miaka kumi na mmoja barabarani hakuwahi kuvunja hata chupa moja. Safari ile alibeba katoni za vipimo vya haraka vya malaria, vile vya tone la damu. Mstari mmoja huna malaria, miwili unayo. Ubavuni mwa kila katoni paliandikwa: isipate joto kupita nyuzi arobaini.

Rejeta ikapasuka mahali pasipo hata kichaka. Bohari wakamwambia fundi yuko njiani. Fundi alifika siku ya tatu. Muda wote huo bodi la bati lilichemka juani hata kitasa kikambabua kiganja. Alifungua milango, akatandika turubai juu ya paa, akijua kabisa anajidanganya.

"Hizi zimepigwa jua siku tatu," alimwambia msimamizi wa zahanati.

"Zimelowa? Zimepasuka?"

"Hapana. Lakini joto..."

"Basi saini hapa. Wiki mbili sina kipimo, watu wananila nyama."

Mwendopole alikuwa hoi, ananuka jasho. Akasaini.

Siku ya kumi na mbili tangu asaini, dada yake, aliyeishi jirani na zahanati ile, akapiga simu. Kitindamimba wake, binti wa miaka minne, alikuwa na homa tangu juzi.

"Nimempeleka zahanati. Wamesema si malaria, ni mafua tu."

"Mistari ilikuwa mingapi?"

"Mmoja. Nesi alinionyesha."

"Dada, mpeleke hospitali sasa hivi, damu yake itazamwe kwa darubini."

"Umekuwa daktari lini wewe?"

"Nakuja kuwachukua," akasema.

Njiani mtoto alishikwa na degedege mapajani mwa mama yake. Hospitali, mtu wa maabara aliinua jicho kutoka kwenye darubini na kusema wadudu wamejaa. Wakamtundikia dripu. Kesho yake, kabla ya adhuhuri, akakata roho.

Baada ya mazishi Mwendopole alimkuta dada yake chumbani, anakunja nguo za mtoto. Akamweleza yote: rejeta, jua, sahihi.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na mimi nilipokuambia mstari mmoja, ukanyamaza."

"Ndiyo."

Dada alilikunja gauni la mwisho, akalinyoosha kwa kiganja. "Toka, kaka. Sikufukuzi kwa hasira. Siwezi tu kukutazama."

Akaenda moja kwa moja zahanati, akataka vipimo vile viondolewe na waliopimwa waitwe upya. Msimamizi akamwambia asubiri barua kutoka juu. Nesi, aliyekuwa amesikia kila neno, alichukua daftari la wagonjwa, akalibana kwapani na kumwambia, "Washa gari."

Majina yalikuwa sitini na saba, wote walioambiwa hawana malaria. Wakaanza kugonga mlango mmoja baada ya mwingine, kuwaambia waende kupimwa upya hospitali. Wengine walikuwa wamepona wenyewe. Wengine walikuwa kitandani, wakawapakia nyuma ya gari. Katika nyumba ya tisa walikuta viti vimepangwa uani na wanaume wameketi kimya. Nesi alikaa garini, daftari mapajani. Mwendopole alishuka, akaingia kuwapa pole, na walipomuuliza yeye ni nani kwa marehemu, akavuta kiti, akaanza kuwaeleza.