Barua Yenye Majina Arobaini na Moja

Mume wangu hakuwa mjinga. Nalisema hili mapema kwa sababu kaka yangu Jotham amelirudia neno hilo miaka minne, na wapo watu hapa Stony Ford wanaoamini kwamba Eliphalet Thurlow alituuza. Hakutuuza. Alimwamini mfalme wa Uingereza, basi, na hilo ndilo kosa lake lote.

Sheria kila mtu aliijua. Msunobari wowote uliozidi unene wa futi mbili ulikuwa mali ya mfalme, kwa ajili ya milingoti ya meli zake za vita, hata kama umeota nyuma ya choo chako. Wakaguzi wake waliupiga shoka mara tatu, alama ya mshale, na tangu siku hiyo wewe ukawa mlinzi wake usiye na mshahara. Nasi tulikuwa na njia yetu. Tuliuangusha, tukaupasua, na kila ubao wa sakafu tukaupunguza mpaka inchi ishirini na mbili, pungufu kidogo ya futi mbili za sheria. Ingia nyumba yoyote hapa kwetu uangalie sakafu, utadhani Mungu aliumba misitu ya koloni hili la New Hampshire kwa rula. Mbao pana ziliwekwa darini, ambako mkaguzi mwenye kitambi hawezi kupanda.

Eliphalet aliuchukia mchezo huo. Alikuwa amepigana na Wafaransa kule Kanada chini ya bendera ya mfalme, na baridi ya huko ikamla vidole vitatu vya mguu. Aliporudi hakujiona raia tu. Alijiona mtu anayefahamiana na mfalme.

Basi mwaka wa elfu moja mia saba sabini na moja tukataka kuezeka nyumba ya ibada. Boriti za paa zile huwezi kuzipunguza wala kuzificha darini. Wanaume walikuwa wamekwisha kukata magogo, yamelala kwenye bwawa la kiwanda chetu cha mbao, na wote wakawa wanajiuliza wafanyeje. Eliphalet akasimama mkutanoni akasema mfalme hana habari na shida zetu, wanaomzunguka ndio wanaomficha. Tumwandikie. Tumwambie kila kitu, nani amekata, wapi, magogo mangapi, halafu tumwombe ruhusa.

Jotham akacheka. "Shemeji, unataka tujishitaki wenyewe?"

"Ni baba yetu, Jotham," mume wangu akamjibu. "Tangu lini umemficha baba yako njaa?"

Alisema vizuri siku hiyo. Hata mimi niliyesimama mlangoni na wanawake wenzangu nilijivuna. Wanaume arobaini na mmoja waliweka majina, Jotham wa mwisho, akinung'unika. Eliphalet aliandika kwa siku tatu, mwandiko wake mzuri kuliko wa mchungaji, na mbele ya kila jina akaandika shamba na idadi ya magogo, bila kusahau hata moja. Akatembea siku mbili na mguu wake ule mpaka bandarini, akamkabidhi barua mkubwa mmoja wa serikali aliyeahidi kuipeleka ng'ambo.

Tulingoja mwaka mzima na zaidi. Wakati wa theluji wakaja, mkaguzi mmoja na watu kumi na wawili wenye bunduki. Hawakupekua popote. Mkaguzi alikuwa na karatasi mkononi, akisoma jina, akienda moja kwa moja mpaka kwenye nyumba, akisoma jina, akienda. Alipofika kwetu aliitandaza mezani pangu huku akinywa pombe yangu ya tufaha. Nikautambua mwandiko.

Eliphalet alimweleza kwa adabu kwamba kuna kosa limefanyika. Barua ile ilikuwa ya mfalme.

"Ilimfikia," mkaguzi akasema. "Ndiyo maana nimekuja."

Walichukua magogo yote. Jotham walimchukulia na ng'ombe wake wawili wa kuvuta magogo, na bila hao yeye ni mtu mwenye shoka tu. Nyumba ya ibada ikabaki kuta, nasi tukawa tunasali kwenye ghala la nyasi. Kaka yangu hakukanyaga tena kwangu.

Sasa nitakwambia kilichoniudhi kuliko hayo yote. Eliphalet aliandika tena. Mara mbili. Alisema mawaziri ndio wabaya, mfalme amedanganywa, akijua ukweli atalia. Hata mwaka jana, askari wa mfalme walipowapiga risasi wakulima kule Massachusetts, mume wangu alikaa jikoni akisema amedanganywa, amedanganywa. Nilimwambia mtu anayedanganywa miaka yote hii amependa mwenyewe.

Mwezi huu wa Julai, baada ya ibada, mchungaji akatusomea tangazo lililotoka Filadelfia, kwamba sisi si watu wa mfalme tena. Kisha Jotham akaweka karatasi nyingine juu ya pipa, ya hapa hapa kijijini, ili kila mwanamume anayekubali aweke jina. Hakuna aliyesogea. Walitazama karatasi, wakatazama viatu vyao, halafu mmoja mmoja wakamtazama mume wangu.

"Watu wanaogopa kuandika majina," Jotham akasema. "Sababu unaijua."

"Mimi ndiye sababu," Eliphalet akasema. Akachechemea mpaka kwenye pipa, akaisoma karatasi yote, akarudia kuisoma. "Safari hii mnamlaumu nani? Mawaziri?"

"Yeye mwenyewe."

"Na ombi liko wapi?"

"Hakuna ombi, shemeji. Kuomba tumemaliza."

Akachovya kalamu. Aliandika polepole, jina la kwanza na la ukoo, akaondoka bila kumtazama mtu. Wengine wakafuata, wengine wakakumbuka ghafla kwamba wana ng'ombe wa kukamua.

Jotham alitufuata nyumbani bila kualikwa. Nilimwekea sahani. Yalikuwa maharage yaliyookwa jana yake, maana Jumapili hatupiki. Tukainamisha vichwa, Eliphalet akaanza kuomba. Kwa miaka kumi na sita, tangu mfalme huyu akalie kiti, mume wangu alimwombea yeye kwanza, afya yake na hekima yake, kabla ya kuniombea mimi, kabla ya binti zetu, kabla ya chakula chenyewe. Alimshukuru Mungu kwa siku, akafika pale penye jina la mfalme, akanyamaza.

Tukangoja. Jotham akafumbua macho akanitazama. Eliphalet alikuwa amekwama pale pale, mdomo wazi, machozi yakimdondokea kwenye maharage. Ilibidi mtu aseme amina. Nikasema mimi.