Siku Mikoko Ilipofagiliwa

Mama mkwe alikuwa mtu wa usafi, na usafi wake haukuwa na mipaka. Alikuja kumtembelea mke wa mwanawe. Siku ya kwanza alimaliza vyombo, ya pili madirisha, ya tatu akakosa la kufanya ndani. Akavaa mabuti, akachukua reki, akashuka mpaka mto unapoingia baharini.

Kesho yake mkwewe aliposhuka kwenye mikoko aliyoipanda kwa mikono yake, roho ilimruka. Matope yalikuwa yamelainishwa kama sakafu ya sebule. Hapakuwa na jani hata moja, wala kaa.

Na mkaguzi alikuwa njiani kuja kuhesabu kaa. Akikuta wachache, ataandika kwamba mahali pale pamekufa, na jasho la miaka sita litafukiwa kifusi ili yajengwe maghala.

"Mama, majani yako wapi?"

"Yale yaliyooza? Nimeyajaza magunia saba. Mgongo wangu hauna hamu, na wewe hata asante husemi!"

 Mama mkwe hagombezwi. Mkwe akaeleza taratibu, kwa sauti ya kubembeleza: jani likianguka linaoza, vijidudu visivyoonekana vinalila, kamba wadogo wanakula vijidudu, samaki wanakula kamba. Kaa naye analivuta jani shimoni kwake, analitafuna, na kinyesi chake kinakuwa mbolea ya mkoko uleule uliolidondosha. Maji yakijaa na kupwa, yanagawa kilichobaki kwa kila mwenye mdomo.

"Kwa hiyo nimefagia chakula."

"Umefagia jiko zima, Mama."

Mama mkwe akacheka mpaka akashika mbavu. Alibeba gunia la kwanza mwenyewe na kukataa katakata kusaidiwa. Mkaguzi aliwakuta wanamwaga la saba, wamejaa tope mpaka kwenye nyusi.

"Jamani, mnatupa taka humu humu ninamokuja kukagua?"

 Tangu jana kaa walikuwa hawajatia kitu mdomoni, na sasa walichomoka kila shimo, wakubwa kwa wadogo, wakigombania majani na kuyaburuta kinyumenyume. Mkaguzi alihesabu mpaka mia mbili, kaa mmoja akapanda juu ya buti lake, hesabu ikampotea. Akaanza upya. Mwishowe akasalimu amri, akaandika "wengi mno" na kutia sahihi.

"Siku zote huwa wanajificha nikija. Mmewafanyaje?"

"Mimi niliwashindisha njaa," mama mkwe alisema. "Huyu ndiye anayejua wanachokula. Miaka sita nimewaambia watu kwamba mwanangu ameoa mchezea matope." Akamtazama mkwewe, ambaye furaha ilikuwa imemfanya aanze kulia. "Nikirudi nyumbani nitawaambia tena. Ila safari hii nitakuwa naringa."